Aliyetangulia kwa Ruhusa

Mimi ni muuguzi, usaha haunitishi. Nimeosha vidonda vyenye funza, nimeshikilia beseni watu wakitapika damu, na zamu ilipoisha nikavuka barabara nikala ugali na matumbo, nikaomba niongezwe. Kwa hiyo nikisema kitu fulani kinanitia kinyaa, nisichukuliwe kuwa mtu wa roho nyepesi. Hakuna kilichowahi kunichefua kama kazi aliyoifanya yule Mfaransa kabla hajafika Kitale.

Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha baiskeli. Aliifanya huko kwao kwa zaidi ya miaka kumi, katika zile mbio kubwa za barabarani zinazoonyeshwa kwenye televisheni, milima mirefu na umati wa watu wakipiga kelele kando. Kitale, kila aliyemfahamu alimwita bingwa. Vijana wa bodaboda karibu na soko walipomwona akipita na baiskeli yake nyembamba walimpigia honi, "Niaje, bingwa," naye akainua mkono kuwajibu. Hakuwahi kuwa bingwa wa chochote. Aliniambia hivyo wiki za mwanzo tu, bila aibu, vile mtu anavyokuambia hajawahi kufika Mombasa.

Nilikutana naye kliniki. Tuk-tuk ilikuwa imemwangusha kwenye lami karibu na maghala ya mahindi, paja lote la kushoto limechunika na changarawe zimezama ndani. Nikaanza kumwosha polepole kwa pamba. Akaniomba brashi. Nilidhani amekosea neno, lakini alinyoosha kidole kwenye sinki, palipokuwa na brashi ya kusugulia kucha, akaifuata mwenyewe akichechemea, akaipaka sabuni na kuanza kusugua kile kidonda mpaka damu ikatiririka sakafuni. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Ati ndivyo wanavyofanya wakianguka, kila mmoja bafuni kwake, na kesho yake wanapanda tena. Ndipo nikaona pia kwamba miguu yake ilikuwa imenyolewa, laini, haina unywele hata mmoja. Nilimfunga bendeji nikiwa nimekasirika. Sijui nilikasirikia nini hasa, lakini wiki iliyofuata aliporudi kubadilishiwa bendeji nilikuwa nimevaa hereni.

Alikuwa amepanga nyumba kwenye shamba la mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mzee ambaye wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya wakanunua ardhi Trans-Nzoia zamani, enzi za kuhamia mashamba ya walowezi. Mfaransa alikuja na mpango wa kuwafundisha vijana wetu mbio za baiskeli, kwa sababu ya hewa yetu ya milimani. Waliomleta wakabadili nia, wakarudi kwao, yeye akabaki na ng'ombe wachache na baiskeli yake. Jioni nikitoka kazini nilipitia huko, tukakaa kwenye veranda tukinywa chai, naye akinisimulia maisha yake kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Pale ndipo kinyaa kilipoanza.

Alikuwa mbeba maji. Katika kila timu kuna mkubwa mmoja, na wengine wote wako pale kwa ajili yake. Huyu wangu alirudi nyuma hadi kwenye gari la timu, akashindilia chupa chini ya fulana, kifuani na mgongoni, akapanda nazo mlima kuwagawia wenzake, kisha akashuka tena kuchukua nyingine. Upepo ukivuma, yeye mbele, mkubwa amejificha nyuma yake. Gurudumu la mkubwa likitoboka, yeye anachomoa lake na kumpa, halafu anabaki kando ya barabara akingoja gari, huku watoto wa shule wakimtazama. Nilimuuliza huyo mkubwa alikuwa nani wake. Hakuwa nani wake. Alisema mtu huyo hakuwahi hata kumuuliza anatoka kijiji gani.

Na uchafu, jamani. Walikojoa wakiwa juu ya baiskeli, mwenzao akiwasukuma begani ili wasipunguze mwendo, na mkojo ukamrukia aliye nyuma, naye akajifuta tu na kuendelea. Walitoka majipu makalioni kwa kukalia kiti kutwa nzima, majipu yakaiva na kupasukia humo humo. Kulikuwa na mzee mmoja wa timu aliyemfundisha kuweka kipande cha nyama mbichi ndani ya kaptura na kukikalia mpaka mwisho wa safari, ati inapoza. Niliweka kikombe changu chini. Nilimuuliza ile nyama walikuwa wakiipeleka wapi baadaye, akaniambia hakumbuki, na mimi hadi leo nikipita buchani napata shida kuangalia zile zilizokatwa nyembamba.

Jioni daktari wa timu alikuwa akipita chumba kwa chumba na sindano. Za nini? Vitamini. Vitamini gani? Hakuuliza. Mtu akija kwangu akanyoosha mkono nimdunge bila kutaka kujua ni dawa gani, naanza kumuuliza nyumbani kuna shida gani. Huyu alinyoosha mkono miaka yote hiyo kama anayepokea ushirika kanisani. Mwishowe hao hao wakamwacha kwa simu. Alikuwa sokoni ananunua viazi, simu ikalia, sauti ikamwambia mwakani hawatamhitaji, akalipia viazi vyake na kwenda nyumbani.

Lakini kilichonichefua zaidi si mkojo wala ile nyama. Ni vile alivyosimulia akitabasamu, kama mzee aliyelipigania taifa. Nilimwambia ile si kazi, ni utumwa ambao mtu anajiombea mwenyewe. Akacheka, akasema bila mbeba maji hakuna mshindi. Nikamjibu kwamba mimi nikibeba beseni la mgonjwa, kuna mtu anapona. Huyo mkubwa wako alikuwa anaumwa nini? Tulinuniana mpaka Jumapili.

Hadithi moja tu ndiyo niliyoipenda. Katika mbio hizo kuna desturi kwamba barabara ikipita kijijini kwa mmoja wao, kundi lote linapunguza mwendo na kumruhusu atangulie peke yake. Anafika kwao mbele ya kila mtu, anashuka, anakumbatia watu wake, halafu anangoja kundi limfikie na kuendelea nalo. Ni heshima wanayopeana. Sharti ni moja tu, asiitumie nafasi hiyo kukimbia. Yeye alipata siku yake katika mwaka wa mwisho. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya duka lao la mikate, amevaa nguo ya kanisani, na kijana wao alipotokea peke yake kwenye kona, kengele ya kanisa ikapigwa. Alinisimulia hadi pale mama alipomkumbatia, akanyamaza. Nilidhani ni machozi yanayomzuia. Kwa ajili ya hadithi ile nilimsamehe mambo mengi, na aliponiuliza kama nitakubali anioe, nilikubali.

Kilichobaki kilikuwa neno la baba. Baba yangu alikuwa afisa wa kilimo. Sasa amestaafu, anaishi Ndalu, ana shamba lake la mahindi na hasira zake. Hakukataa wala hakukubali. Alisema mzungu aje nyumbani na watu wake, ajitambulishe kama wanaume wengine wanavyojitambulisha, kisha atatoa neno. Kwetu hilo si jambo dogo. Dada zangu wawili waliondoka bila neno lake, na hadi leo wakija wanapitia mlango wa jikoni na kula wamesimama. Mimi nilikuwa nimeshapita umri wa kuulizwa "lini". Waliokuwa wakiuliza walichoka wenyewe. Nilimtaka mtu huyu, na nilitaka kuingia naye kwa baba kwa mlango wa mbele. Nilimwambia wazi kwamba baba akikataa, hapana ndoa.

Shida ni kwamba hakuwa na watu. Ndugu zake walikuwa mbali na hawakuwa na haja na Ndalu. Na kwetu mwoaji hajisemei. Anakaa ameinamisha kichwa, na msemaji wake ndiye anayemsifu mbele ya wazee. Basi yule mwenye shamba, mfanyabiashara wa mahindi, akajitolea kuwa baba yake, mkewe akawa mama, na waumini wachache wa kanisa lao wakawa ukoo. Nilimwomba mzee asitie chumvi, aseme tu kwamba mtu huyu ni mwema na anafuga ng'ombe. Akanipigapiga begani, akaniambia niache kazi hiyo kwa watu wa soko, yeye ameuza mahindi hata mwaka ambao yalinyeshewa ghalani.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha, na pikapu yao ikakwama kwenye matope langoni. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, tunachungulia dirishani. Mfaransa akashuka, akakunja suruali yake nzuri hadi magotini na kuanza kusukuma, na ndipo shangazi zangu waliotoka Bungoma wakaiona ile miguu. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki kwao. Kwetu tunanyoa nywele baada ya mazishi. Mwingine akasema hata kama, ni msiba gani huo unaoliliwa kwa miguu. Nikawaambia ni mambo ya mbio, wote wananyoa. Wakaniangalia kwa huruma iliyonikera kuliko dharau, na mmoja akamega chapati akanitia mdomoni kama mgonjwa.

Wageni wakaketishwa chini ya hema. Salamu za "mulembe" zikapita mkono kwa mkono, maombi yakaombwa marefu, na baba mkubwa, kaka yake baba, akasimama kuuongoza upande wetu. Ni mtu ambaye hajawahi kufanya lolote la kutajwa isipokuwa kuwashinda watu kwa maneno, na alikuwa amevaa koti la suti juu ya gambuti. Akauliza alichotumwa na mdomo wake.

"Sasa bana, sisi tumesikia huyu ni mtu wa baiskeli. Hata mimi niko na baiskeli. Rakini yeye alishinda nini?"

Wanaume wakacheka. Mimi jikoni kinyaa kikanipanda. Kwa hiyo ndilo swali? Mtu ametoka mbali, amesukuma gari kwenye matope yenu, na wanaume wazima mnaokaa sokoni Ndalu kutwa nzima mnataka kujua nani alimshinda nani. Lakini nilijua baba alikuwa amekaa pale kimya, na alikuwa akingoja jibu lile lile.

Msemaji wetu, yule mwenye shamba, akainuka. Alimnadi Mfaransa vile anavyonadi gunia: mkavu, safi, hajaguswa na wadudu. Akasema kijana wao, mtu aliyekaribia miaka hamsini, alikuwa namba moja Ufaransa nzima. Watu wakaguna. Akaona wameguna kwa furaha, akaongeza. Akasema kuna siku mbio zilipita kijijini kwao huyu bwana, naye akatokea mbele peke yake, wengine hata vumbi lao halionekani. Kanisa likapiga kengele. Mama yake mzazi alisimama barabarani akamwona mwanawe kwa macho yake akiwaongoza wazungu wote. Ile ilikuwa hadithi yangu, ya veranda, mzee ameiokota siku aliyokunywa chai nasi na kuigeuza bidhaa. Nilitamani kutoka nikamnyamazishe.

Lakini hema lilikuwa limelipuka kwa makofi. Baba mkubwa alikuwa akirudia "mbele peke yake" kama aliyeshinda mwenyewe. Na baba yangu, ambaye huwa hacheki hovyo, alikuwa amesogeza kiti mbele, uso umefunguka, anamtazama yule mzungu vile alivyonitazama mimi siku nilipofaulu mitihani ya uuguzi. Nikaona mlango wa mbele ukifunguka, na kwa uongo. Shangazi aliyenilisha chapati akaanza kunifunga leso upya, tayari nitolewe.

Ndipo Mfaransa akasimama. Kwetu hilo halifanyiki. Jikoni wanawake walishika midomo. Msemaji wake akamvuta shati, naye akakataa kukaa.

"Mzee, samahani," akamwambia baba. "Mimi hapana shinda. Mimi hapana shinda hata siku moja."

Kisha akasimulia, kwa Kiswahili chake kile, polepole, na hakuna aliyemkatiza. Akaeleza ile ruhusa, kwamba alitangulia kwa sababu wenzake walimwachia, na kwamba alitakiwa kungoja. Akafika pale alipokuwa akinyamazia siku zote, mama yake amemkumbatia. Mama hakuijua desturi ile. Alimwona mwanawe mbele ya kila mtu kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, akaamini anashinda. Akambusu, akaanza kumsukuma aende, wanakuja, nenda, nenda. Yeye hakwenda. Alisimama pale amemshika, akingoja kundi kama alivyoahidi. Kundi likaja, akaingia ndani yake, na jioni akamaliza na wa nyuma kama kawaida yake.

"Mama akasema ni yeye," akaendelea. "Ati alinishika sana, wengine wakapita. Mimi najua si yeye. Mimi nilikuwa mbele kwa ruhusa. Lakini mimi hapana ambia yeye. Amekufa na hiyo."

Alisema mama aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile. Kila mteja aliyeingia dukani alisimuliwa jinsi alivyomponza mwanawe kwa kumkumbatia, na waliozijua mbio walichukua mikate yao na kuondoka bila kumrekebisha. Hakusimama tena barabarani. Televisheni ikionyesha mbio alitoka chumbani. Kila Krismasi mwanawe alipokwenda nyumbani, alimwomba radhi upya na kumwekea kipande cha kwanza cha nyama, naye akakipokea, akakila. Mwana aliona aibu kumwambia mama kwamba ile siku moja aliyomwona mbele, alikuwa ameachiliwa tu.

Nilishika ukingo wa dirisha. Mkojo, nyama, sindano, yote nilikuwa nimeyameza, lakini hili halikumezeka. Nilimwona yule mama na nyama yake ya Krismasi, anamwomba radhi mtoto kwa kosa la kumpenda, na mtoto anatafuna. Mimi nimekaa na wazee wanaokufa. Najua wanavyobeba vitu kama hivyo hadi pumzi ya mwisho, wanavyokushika mkono wakuulize kama ni kweli ni wao. Na mimi ndiye niliyepewa nusu ya kwanza ya hadithi hiyo, nikaiona tamu, nikakubali kuolewa kwa sababu yake. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Chini ya hema baba mkubwa akasema, bila kumtazama, kwamba basi wameletewa mtu wa kudanganya mamake. Wengine wakaunga mkono kwa kunong'ona. Msemaji wetu alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu chake kwa kijiti. Baba akainua mkono, wakanyamaza.

"Sisi hatukuwa tunajua," akasema. "Ungenyamaza tu. Mbona unatuambia?"

"Nimeona wewe unafurahi," Mfaransa akasema. "Kama yeye."

Baba akaegemea fimbo yake, akaagiza niitwe. Mama akanipangusa uso kwa kiganja, nikatolewa nje mbele ya watu wote. Kwa desturi baba humuuliza binti kama anawafahamu wageni hawa. Binti huinamisha macho, hujibu ndiyo kwa sauti ndogo, watu hucheka na chakula huletwa. Jibu linajulikana kabla ya swali. Lakini baba hakuuliza hivyo.

"Neno langu bado niko nalo," akaniambia. "Nitalitoa baada ya lako. Huyu mtu unamjua?"

Nikamtazama. Suruali ilikuwa na matope hadi magotini, na mikono yake alikuwa ameishikanisha mbele kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Hakunitazama kwa kuomba. Dakika chache kabla alikuwa na kila kitu, baba yangu anatabasamu, wazee wanapiga makofi, mlango uko wazi, na kazi yake ilikuwa kukaa kimya tu. Nilitafuta ndani yangu kama chuki ile imepungua. Ilikuwa pale pale, nzima. Lakini baba hakuwa ameuliza kama ninampenda, aliuliza kama ninamjua, na jibu la hilo lilikuwa moja.

Nikasema ninamjua.

"Basi leteni chakula," baba akasema. Akamgeukia Mfaransa. "Keti, kijana."

Wanawake wakaanza kutoka na sufuria, kuku na ugali, kelele zikarudi, msemaji wetu akapata sauti yake. Mimi nilizunguka nyuma ya jikoni, nikainama kando ya migomba na kutapika chai yote ya asubuhi. Shangazi mmoja alinifuata na kopo la maji. Alikuwa anatabasamu, macho yameganda kwenye tumbo langu, tayari kupiga vigelegele. Nikamwambia si mimba, ni kinyaa. Akaniuliza kinyaa cha nani. Nikasukutua mdomo, nikatema, nikamwambia cha mume wangu.